Tovuti za ajira: Jinsi sura ya ukurasa inavyomfungulia au kumfungia mlango mtafuta kazi

KATIKA foleni ya feri upande wa Likoni, alfajiri, si jambo geni kumwona kijana ameinamia simu yake akisoma tangazo la kazi. Muda alio nao ni mchache, bando lake limebakia kidogo na kioo cha simu yake hakizidi upana wa kiganja. Tangazo likifunguka kwa herufi ndogo za kijivu, likimlazimu kuuvuta ukurasa kushoto na kulia ili amalize sentensi moja, huenda akaliacha kabla ya kufika mahali palipoandikwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kazi ilikuwepo na sifa alikuwa nazo, ila ukurasa wenyewe ulimzuia.

Hali kadhalika inaweza kumpata mkazi wa Kisauni anayetafuta kazi katika mahoteli ya Bamburi na Shanzu, au mkazi wa Changamwe anayetazamia kuajiriwa katika mabohari, viwandani au katika shughuli za bandari ya Kilindini. Waajiri, mawakala wa ajira na idara za serikali wamehamishia matangazo yao mengi kwenye mtandao. Tovuti ya ajira ya BrighterMonday ilianzishwa nchini Kenya mwaka 2006, na nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilianza kuwa ya kasi na ya gharama nafuu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Hata hivyo, tangazo kuwapo mtandaoni ni jambo moja, na tangazo kusomeka ni jambo jingine. Sura ya ukurasa, yaani ukubwa wa herufi, rangi, nafasi na mpangilio, hutawaliwa na kanuni chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa bila kusomea uhandisi. Kuzielewa kunamfaa mwajiri anayelipia tovuti, kunamfaa kijana wa saiba anayetengenezea wengine kurasa, na kunamfaa pia mtafuta kazi, kwa kuwa sura hiyo hiyo inaweza kutumiwa kumhadaa.

JINA LA KANGA NA PINDO LAKE

Ukurasa wa wavuti huundwa kwa tabaka mbili kuu. Tabaka la kwanza ni maudhui: jina la kazi, maelezo ya mwajiri, masharti, tarehe na fomu ya maombi. Haya huandikwa kwa lugha ya HTML, ambayo kazi yake ni kueleza kila kitu ni nini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kitufe. Tabaka la pili ni mtindo, yaani namna maudhui hayo yatakavyoonekana machoni. Mtindo huandikwa kwa lugha nyingine iitwayo CSS.

Mfano ulio karibu na mkazi wa pwani ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Mchapishaji anaweza kulichukua jina lile lile akalitia katika kanga ya pindo jekundu, kisha akalitia katika nyingine ya pindo la buluu na mji wa maua. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni sura. Vivyo hivyo, tangazo moja la kazi linaweza kuvikwa mitindo mbalimbali bila neno lake hata moja kuguswa.

Utengano huu haukuwapo tangu mwanzo. Mtandao wa wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, nchini Uswisi. Mnamo Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kituo hicho, alipendekeza lugha ya mitindo iliyokuja kuitwa CSS. Alishirikiana na Bert Bos wa Uholanzi kuiendeleza, na Desemba 1996 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti duniani, likaidhinisha toleo la kwanza.

Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baadaye, wabunifu waliandika rangi na ukubwa wa herufi ndani ya maandishi yenyewe, na kupanga kurasa kwa kutumia majedwali. Mwenye tovuti ya matangazo 200 ya kazi, akitaka kubadili rangi ya vichwa, alilazimika kuzigusa kurasa zote 200. Kwa CSS, kurasa hizo zote husoma faili moja ya mitindo. Faili hiyo ikirekebishwa mara moja, tovuti nzima hubadilika.

Hapa ndipo ilipo nafuu kwa mwajiri mdogo. Tovuti isiyosomeka haihitaji kubomolewa na kujengwa upya. Mara nyingi fundi anaweza kuirekebisha kwa kubadilisha mistari michache katika faili moja.

KANUNI MOJA, SEHEMU TATU

Kila kanuni ya CSS ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kichaguzi, kinachotaja kitu kinachoamriwa. Ya pili ni sifa, yaani upande gani wa kitu hicho unabadilishwa. Ya tatu ni thamani, yaani kiwango kinachotakiwa. Ikisemwa kwa lugha ya kawaida, kanuni husomeka hivi: aya zote, ukubwa wa herufi, pikseli 16. Nyingine husomeka: vichwa vyote vya kazi, rangi, buluu iliyokoza.

Aidha, mbuni anaweza kuvipa baadhi ya vitu jina la kundi. Kwa mfano, katika tovuti ya ajira, kila mahali palipoandikwa siku ya mwisho ya maombi panaweza kuwekwa katika kundi moja. Kisha kanuni moja tu huamuru kwamba chochote kilicho katika kundi hilo kiandikwe kwa herufi nene na kiwekewe mpaka. Tangu siku hiyo, msomaji aliyezoea tovuti hiyo hujua pa kutazama katika kila tangazo.

Yapo pia masuala ya kanuni kugongana. Itakuwaje kanuni moja ikisema maandishi yote yawe meusi, na nyingine ikisema maandishi ya onyo yawe mekundu? CSS hutatua mgongano huo kama shule inavyofanya kuhusu sare. Mwalimu mkuu akisema wanafunzi wote wavae shati jeupe, kisha akasema viranja wavae la buluu, kiranja atavaa la buluu, kwa sababu agizo mahsusi hushinda agizo la jumla. Maagizo mawili yakiwa na uzito sawa, lililotolewa mwisho ndilo hufuatwa. Mwajiri anayelalamika kwamba rangi aliyoagiza haionekani, mara nyingi huwa ameshindwa na kanuni nyingine iliyo mahsusi zaidi.

HERUFI NA MPANGILIO

Jambo la kwanza ambalo msomaji hukutana nalo ni herufi. Vivinjari vingi huonyesha maandishi ya kawaida kwa ukubwa wa pikseli 16 endapo mbuni hakuamuru vinginevyo. Wapo wanaopunguza hadi 11 au 12 ili tangazo zima lionekane kwa pamoja, bila kufikiria kwamba msomaji yu ndani ya matatu inayotikisika kuelekea Mtongwe, au ni mzee wa miaka 50 anayetafuta kazi ya ulinzi. Kuacha pikseli 16 ni uamuzi usio na gharama yoyote.

Nafasi kati ya mstari na mstari nayo ina umuhimu wake. Mistari ikibanana, jicho hupotea linaporudi upande wa kushoto. Miongozo ya W3C kuhusu kurasa zinazofikiwa na watu wote inapendekeza nafasi ya mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi ndani ya aya, na mstari usiozidi herufi 80 kwa urefu. Isitoshe, aya ndefu iliyoandikwa yote kwa herufi kubwa huchosha kusoma, kwa kuwa maneno hupoteza umbo ambalo jicho limelizoea.

Mpangilio wa ukubwa ndio humwonyesha msomaji lipi lina uzito. Katika tangazo la ajira, mambo manne hayana budi kuonekana bila kutafutwa: jina la kazi, jina la mwajiri, mahali pa kazi na siku ya mwisho ya maombi. Cha kushangaza ni kwamba matangazo mengi huipa nembo ya kampuni nafasi kubwa kuliko yote, huku mahali pa kazi pakitajwa kwa neno moja tu, Mombasa.

Kwa mkazi wa bara la Mombasa, neno hilo halitoshi. Mji huu una kisiwa katikati na bara pande tatu. Anayeishi Likoni akiajiriwa Shanzu atavuka feri, apite kisiwani, kisha avuke daraja la Nyali. Anayeishi Kisauni akiajiriwa Changamwe atapita kisiwani na kutokea Makupa. Nauli na saa za safari hiyo ndizo huamua kama mshahara uliotajwa unamfaa au la, zaidi ya yote kwa mwenye zamu ya usiku. Hivyo basi, jina la mtaa linastahili kukaa juu kabisa, kwa herufi zinazoonekana, kando ya jina la kazi.

RANGI MBELE YA JUA LA PWANI

Rangi katika CSS huandikwa mara nyingi kwa alama sita: mbili za wekundu, mbili za kijani na mbili za buluu. Alama 000000 ni nyeusi, na FFFFFF ni nyeupe. Kwa mpango huu, zaidi ya rangi milioni 16 zinaweza kutajwa. Wingi huo ndio huwapotosha wabunifu.

Kinachopimwa katika usomaji ni tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yaliyo nyuma yake. Maandishi meusi juu ya mandhari meupe yana uwiano wa 21 kwa 1, ambao ndio wa juu kabisa. Manjano halisi juu ya nyeupe hupata takriban 1.07 kwa 1, yaani karibu hayaonekani. Miongozo ya W3C iliyotolewa Desemba 2008 iliweka kiwango cha chini cha 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa.

Kijivu chenye alama 777777, ambacho wabunifu wengi hukipenda kwa upole wake, hupata 4.48 kikiwekwa juu ya nyeupe. Kinakosa kiwango kwa nukta chache. Ndani ya ofisi yenye kivuli, mbuni hataona tatizo lolote. Tatizo litaonekana saa saba mchana katika kituo cha magari cha Changamwe, jua likimulika kioo cha simu ambacho mwenyewe amekipunguza mwanga ili betri isiishe.

Kosa jingine ni kuitumia rangi peke yake kubeba ujumbe. Zipo tovuti zinazoandika kazi zilizo wazi kwa kijani na zilizofungwa kwa nyekundu, pasipo neno jingine. Baadhi ya watu, hasa wanaume, huzaliwa wakiwa hawatofautishi rangi hizo mbili. Neno moja, "imefungwa", likiandikwa kando ya rangi, huondoa utata wote.

Suala hili lina uzito wa kisheria vilevile. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari kwa njia inayofaa. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi ya ukurasa kwa sauti. Programu hiyo hufuata maudhui yaliyopangwa kwa HTML. Tangazo lililobandikwa kama picha moja tupu, bila maandishi, halina cha kumsomea.

Picha hizo zina hasara nyingine. Maandishi ya tangazo la herufi 3,000 huchukua takriban kilobaiti 3. Tangazo hilo hilo likitengenezwa kama picha ya megabaiti 1.5, litakuwa zito mara 500. Gharama ya uzito huo hulipwa na mtafuta kazi kutoka katika bando lake.

KISANDUKU NDANI YA KISANDUKU

Kwa macho ya CSS, kila kitu kilichomo katika ukurasa ni kisanduku: kichwa ni kisanduku, aya ni kisanduku, kitufe ni kisanduku. Kila kisanduku kina sehemu nne kuanzia ndani kwenda nje. Katikati ni maudhui. Yanafuatwa na nafasi ya ndani, kisha mpaka, na mwisho nafasi ya nje inayokitenga kisanduku hicho na jirani yake. Mwenye kuikumbuka kanga ataona kwamba mpaka ni mfano wa pindo, na maudhui yamekaa mjini.

Nafasi hizo ndizo hutenganisha tangazo moja na jingine katika orodha ndefu. Zikikosekana, sifa za kazi ya udereva huonekana kama ni za kazi ya upishi iliyo chini yake, na waombaji hutuma karatasi zisizohusika.

Hesabu ya kisanduku nayo huwakwaza wengi. Mbuni akiamuru kisanduku kiwe na upana wa pikseli 320, kwa kawaida kipimo hicho huhesabu maudhui pekee. Akiongeza nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande, na mpaka wa pikseli 2 kila upande, upana halisi unakuwa pikseli 364. Katika simu yenye upana wa pikseli 360, kisanduku hicho kitatokeza nje ya kioo, na herufi za mwisho za kila mstari zitakatika. Ipo sifa ya CSS inayoamuru nafasi ya ndani na mpaka vihesabiwe ndani ya upana uliotajwa, na mafundi wengi huiweka mwanzoni mwa faili ili kuepuka balaa hilo.

SIMU IPEWE NAFASI YA KWANZA

Kurasa za zamani zilibuniwa kwa kioo kipana cha kompyuta ya mezani. Simu ya kisasa ikikutana na ukurasa ambao haukuitaja simu, hudhani kwamba upana wake ni wa kompyuta, ambao mara nyingi hukadiriwa kuwa pikseli 980, kisha huupunguza wote ili uenee katika kioo kidogo. Hii ndiyo sababu ya herufi kuonekana kama punje za mchele. Agizo la mstari mmoja linalowekwa mwanzoni mwa ukurasa huiambia simu itumie upana wake halisi.

Mnamo Mei 2010, mbuni wa Marekani Ethan Marcotte alichapisha makala yaliyoeleza namna ukurasa mmoja unavyoweza kujirekebisha kulingana na kioo. Msingi wake ni kutumia asilimia badala ya vipimo vigumu, na kuweka kanuni zenye masharti. Kanuni hizo husema, kwa mfano: kioo kikiwa na upana wa pikseli 600 au zaidi, panga matangazo katika safu mbili, kikiwa chini ya hapo, yapange katika safu moja. W3C iliidhinisha kanuni hizo za masharti Juni 2012.

Inafaa fundi aanze na simu ndogo, kisha apanue kuelekea kompyuta. Kwa kufanya hivyo, atalazimika kuamua lipi ni la lazima. Picha za wafanyakazi wenye tabasamu, ambazo hujaza nusu ya kioo cha kompyuta, hazina nafasi katika kioo cha simu mpaka masharti ya kazi yamekwisha kuonekana.

Hata vivinjari vina tofauti zao. Opera Mini, kivinjari kilichopata umaarufu mkubwa barani Afrika, hupitisha kurasa katika seva za kampuni hiyo ili kuzibana na kupunguza gharama ya data. Baadhi ya mapambo hupotea katika safari hiyo. Ni sadfa ya aina yake kwamba Håkon Wium Lie, aliyependekeza CSS, alikuja kuwa mkuu wa teknolojia katika kampuni hiyo ya Opera ya nchini Norway. Ukurasa uliojengwa vyema hubaki ukisomeka hata pambo lake likiondoka, kwa sababu maudhui yake yamepangwa kwa utaratibu unaoeleweka.

FOMU, KITUFE NA KARATASI

Mwisho wa tangazo ni fomu ya maombi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Jina la kila nafasi ya kujaza linafaa kukaa juu ya nafasi hiyo na kubaki hapo. Baadhi ya wabunifu huliweka ndani ya nafasi kwa kijivu hafifu, likatoweka mara mtu anapoanza kuandika. Simu ikiingia katikati, mwombaji anaporejea hakumbuki kama alitakiwa kujaza nambari ya kitambulisho au ya simu.

Makosa yakitokea, ujumbe wa kuyaeleza unapaswa kuwa kando ya nafasi iliyokosewa, kwa maneno na kwa rangi. Kitufe cha kutuma nacho kiwe kikubwa cha kutosha kidole cha gumba. Miongozo ya W3C ya mwaka 2018 ilipendekeza pikseli 44 kwa 44, na ile ya Oktoba 2023 ikataja pikseli 24 kwa 24 kuwa kiwango cha chini. Kitufe cha kufuta kisikae bega kwa bega na cha kutuma, kwani kidole kikiteleza, kazi ya nusu saa hupotea.

Kuna jambo moja linalosahauliwa mno, nalo ni karatasi. Watafuta kazi wengi huenda saiba kuchapisha tangazo ili wakalisome nyumbani au wakaliambatanishe na vyeti. Saiba hutoza kwa kila ukurasa. Tangu toleo la pili la CSS lililotoka Mei 1998, imewezekana kuweka mitindo ya kuchapisha pekee, inayoficha menyu, mandhari ya rangi na matangazo ya kando. Kurasa nne zinaweza kupungua zikawa moja, na fedha zilizobaki zikawa nauli ya matatu.

UZURI WA MKAKASI

Uwezo huo wa kuficha una upande wake wa giza. Sifa ile ile inayoondoa menyu katika karatasi inaweza kuondoa masharti katika simu. Ada, muda wa mkataba na jina la wakala vinaweza kuwemo ndani ya ukurasa, lakini vikawa vimeandikwa kwa pikseli 8, kwa kijivu juu ya kijivu, chini ya kila kitu. Mwenye tovuti atasema ameyaandika. Msomaji atasema hakuyaona. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Katika pwani ya Kenya, suala hili si la nadharia. Vijana wengi, hususan wanawake, hutafuta kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba kupitia mawakala. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala waliokuwa wakipeleka wafanyakazi Mashariki ya Kati kufuatia malalamiko ya dhuluma, na mwaka 2017 ikaruhusu tena shughuli hiyo chini ya masharti mapya. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo husajili mawakala wa kibinafsi wa ajira na kuweka orodha yao.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa kuwa mtindo umetengana na maudhui, mtindo unaweza kunakiliwa. Tapeli anaweza kuchukua rangi, nembo na mpangilio wa tovuti ya shirika linaloheshimika, akavivika tangazo lake la uongo kwa muda wa alasiri moja. Umaridadi wa ukurasa ni ushahidi wa fundi hodari, wala si ushahidi wa kazi ya kweli. Hata alama ya kufuli ambayo vivinjari vimekuwa vikiionyesha kwa miaka mingi humaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Haisemi chochote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili.

Kilicho kigumu zaidi kunakiliwa ni anwani. Anwani za Kenya zinazoishia kwa go.ke zimetengewa asasi za serikali, ilhali zinazoishia kwa co.ke zinaweza kusajiliwa na mfanyabiashara yeyote. Kinachohesabika ni mwisho wa jina, kabla ya alama ya mkwaju ya kwanza. Herufi hizo zikitiwa katikati ya jina refu, hazina maana yoyote. Mtafuta kazi anayeombwa fedha kwa ukurasa unaodai kuwa wa idara ya serikali na ambao anwani yake haiishii kwa go.ke, ana kila sababu ya kusita. Anayeahidiwa kazi ng'ambo naye alitafute jina la wakala katika orodha ya NEA kabla ya kutoa pasipoti au senti yoyote.

KIPIMO CHA DAKIKA MOJA

Mwajiri au wakala anayetaka kujua kama tovuti yake inafaa hana haja ya mitambo ya gharama. Ampe mtu asiyeijua tovuti hiyo simu ya bei nafuu, amtoe nje juani, kisha amwulize maswali matatu: kazi ni gani na iko mtaa gani, siku ya mwisho ya maombi ni lini, na maombi yanatumwaje na kwa gharama gani. Akipata majibu yote katika muda wa dakika moja bila kuuvuta ukurasa kando wala kukaza macho, mtindo umetimiza wajibu wake.

Akishindwa, marekebisho yaanze kwa yale yasiyo na gharama: herufi zirudishwe pikseli 16, kijivu kikozwe, mtaa na tarehe vipandishwe juu, tangazo la picha liandikwe kwa maneno, na ada ziwekwe mahali pa wazi. Fundi mwenye ujuzi wa kawaida anaweza kuyamaliza hayo kwa siku moja, na kijana wa foleni ya feri akalimaliza tangazo lote kabla ya kufika ng'ambo.